Umeme wa ndege kwenye baridi ya Ufipa

Kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ukipata umeme wake kutoka Zambia. Watu wa Sumbawanga wanajua vizuri kutegemea waya unaotoka mbali. Ndege inayotua kwao haina waya. Inazalisha umeme wake yenyewe. Hofu ya wasafiri wengi ni huko angani: jenereta ikizima je? Mimi nasema jicho likaziwe chini, pale injini inapowashwa.

Chukua Cessna Caravan, ndege ya pangaboi yenye injini moja, inayoonekana sana kwenye viwanja vidogo nchini. Umeme wake ni wa DC, volti 28. Injini ikishawaka huzungusha jenereta ya ampea 200, ambayo hulisha redio, taa na vifaa vya kuongozea, na kuichaji betri ya volti 24. Jenereta ikifa, kwa kawaida ipo alteneta ya akiba. Nayo ikigoma, kanuni zinataka betri ibebe vifaa vya lazima kwa angalau nusu saa.

Wakati wa kuwasha, mzigo wote ni wa betri. Jenereta ileile hugeuka kuwa stata na kuvuta mamia ya ampea ili kuizungusha injini. Rubani hafungulii mafuta mpaka mzunguko ufike angalau asilimia 12. Akishafungulia, macho hayabanduki kwenye kipimo cha joto: kikomo ni nyuzi 1,090 za Selsiasi, tena kwa sekunde 2 tu. Betri ikiwa dhaifu, injini huzunguka kwa uvivu, hewa inayopita huwa haba, moto hukosa cha kuupooza, na mapanga ya ndani huungua. Injini nzima inaweza kuharibika kabla abiria hajafunga mkanda. Redio huachwa zimezimwa katika dakika hiyo, kwa sababu volti huanguka ghafla stata inapovuta.

Sasa ipandishe kazi hiyo Ufipa, nyanda za juu ulipo mji wa Sumbawanga. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Ongeza asubuhi za Juni na Julai. Baridi huifanya hewa iwe nzito kidogo, na hilo huisaidia injini; lakini oili pia huwa nzito, na betri iliyolala nje hutoa nguvu pungufu wakati ule ule inapodaiwa zaidi.

Hewa nyepesi hugusa hata vifaa vyenyewe. Ndani ya kila redio kuna sakiti ya kurekebisha umeme. Hupata joto, na hewa nyepesi huliondoa polepole. Cheche nazo huruka kwa urahisi zaidi kati ya nyaya zilizokaribiana. Ndiyo maana vifaa vya ndege hupimwa kwa viwango vya DO-160, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 1975, ambavyo vina jaribio la mwinuko. Chaja nyingi za dukani zimeandikwa mwisho mita 2,000, na Milima ya Mbizi, hapo jirani na mji, inavuka kimo hicho.

Kuhusu kiwanja cha Sumbawanga, mazungumzo mengi yamekuwa ya lami na jengo la abiria. Ningependa mashine ya umeme wa ndege iliyoegeshwa chini, ya kuisaidia betri wakati wa kuwasha, itajwe kwa uzito uleule. Caravan inahitaji mashine yenye uwezo wa kuanzia ampea 800, na isiyozidi 1,700. Ampea 800 kwa volti 28 ni zaidi ya kilowati 22, ilhali soketi ya kawaida ya ofisini, ya ampea 13, haifiki hata kilowati 3. Hivyo inatakiwa laini yake ya umeme, au toroli la betri kubwa, lichajiwe usiku kucha na kulazwa ndani, mbali na baridi.