Gari Kuukuu au Gari Kongwe? Vitabu vya Historia ya Motokaa na Lugha ya Gereji za Tena

Mwaka 1982 lilianza kutolewa Uingereza jarida liitwalo Classic & Sports Car. Maneno ya jina hilo hayamtaabishi sana mfasiri wa Kiswahili, isipokuwa lile la kwanza. Akiandika "gari la zamani" atakuwa ametaja umri tu. Akiandika "gari kuukuu" atakuwa amelitukana. Na akisema "mkweche", hapana atakayelinunua jarida lake. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba tatizo hilo si la tafsiri peke yake. Linatokana na jinsi historia ya motokaa ilivyoandikwa hadi leo, na lugha iliyotumiwa kuiandika. Nalo laonekana waziwazi mahali kama Tena, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi unaopakana na Umoja, ambako gari lenye umri mkubwa halikai katika jumba la maonyesho bali hutengenezwa kando ya njia ili kesho liende kazini.

Vitabu na majarida yahusuyo motokaa za kale ni vingi mno, na karibu vyote ni vya Ulaya na Marekani. Autocar lilianza Uingereza mwaka 1895, wakati gari lenyewe lilikuwa bado kioja barabarani. Motor Sport lilifuata mwaka 1924. Hata hivyo, majarida hayo ya mwanzo yaliandika habari za magari mapya na mashindano ya wakati wake. Jarida la kuyatukuza magari kwa sababu ya uzee wake ni jambo la karibuni zaidi: Thoroughbred & Classic Cars lilitokea mwaka 1973.

Yafaa mwaka huo ukumbukwe, kwa kuwa mjini Nairobi nako ulikuwa mwaka wa magari ya zamani, ingawa kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa tamko lililoyaruhusu matatu kuchukua abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Magari hayo yalikuwa yamekwisha kutumika kwa miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwa wenye matatu: yaliungwa vyuma, yakatiwa viti vya mbao, yakapewa maisha ya pili. Basi katika mwaka mmoja, Mwingereza alianza kununua jarida limfundishe kulihifadhi gari la babu yake lisibadilike hata msumari, na mkazi wa Eastlands akaanza kwenda kazini kwa uhalali ndani ya gari ambalo lisingalibadilishwa lisingalitembea.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kipimo kikuu cha majarida hayo ni uasilia. Gari husifiwa kwa kuwa na injini ileile, rangi ileile na vitambaa vilevile vilivyotoka kiwandani. Kipimo cha namna hiyo hakikukosa wafuasi Nairobi: tangu mwaka 1970 yamekuwa yakifanyika mashindano ya urembo wa magari katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, ambako waamuzi huinama kukagua hata usafi wa uvungu wa gari. Ni mashindano yenye heshima yake. Lakini kwa kipimo cha uasilia, sehemu kubwa ya historia ya motokaa katika Afrika Mashariki si historia, ni uharibifu.

Chukua mfano wa Peugeot 404, ambayo wasemaji wengi wa Kenya huita Pijo. Gari hili lilitokea Ufaransa mwaka 1960, likiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,618 iliyolazwa upande kwa nyuzi 45. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963 na 1968 likiendeshwa na Nick Nowicki, na mwaka 1966 na 1967 likiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Huko Ufaransa utengenezaji wake ulikoma katikati ya miaka ya sabini, lakini Kenya iliendelea kuliunganisha hadi mwaka 1991. Mdogo wake, 504, liliunganishwa Kenya kwa idadi ya yapata 27,000. Katika vitabu vya picha, 404 huonekana likirusha matope mbele ya kamera. Ni mara chache kuliona likiwa pikapu lililojengewa bodi na mafundi wa jua kali, limebeba viazi au abiria, na ndani yake mna injini ya Kijapani. Ilhali hilo la pili ndilo lililojulikana na watu wengi zaidi.

Vitabu vya mashindano ya Safari vyastahili neno la peke yake, maana ndivyo vinavyoiingiza Afrika Mashariki katika maktaba za wapenda magari duniani. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarudi mwaka 2021. Kuanzia mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano mengine ya Safari kwa ajili ya magari ya zamani pekee. Masimulizi yake hurudia washindi: Joginder Singh katika Volvo mwaka 1965, kisha katika Mitsubishi mwaka 1974 na 1976, Shekhar Mehta mwaka 1973, na tena mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, amelelewa katika gereji ya baba yake, na vitabu hulitaja hilo kama pambo la maisha yake. Pengine lingefaa kuwa sura nzima. Dereva asiyeweza kulifungua na kulifunga gari lake usiku, porini, hakufika mwisho wa Safari ya miaka ile.

Kitabu ambacho fundi wa Tena aweza kukishika kwa faida ni cha aina nyingine, nacho ni kitabu cha matengenezo. Vilivyosambaa zaidi ni vile vya Haynes. John Haynes aliianzisha kampuni yake mwaka 1960, na mtindo wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: gari zima hufunguliwa kipande kwa kipande, likafungwa tena, na kila hatua ikapigwa picha. Kwa hiyo fundi asiyesoma Kiingereza huweza kuifuata picha, na vitabu vya aina hii hupatikana vimechakaa kwa oili kuliko kwa kusomwa. Hata hivyo, kitabu hiki nacho kina dhana yake. Kinachukulia kwamba kipuri kilichoharibika kitanunuliwa kipya. Fundi wa Eastlands amezoea kuchukulia kwamba kipuri kimo ndani ya gari jingine lililokufa, au kwamba kitachongwa. Kitabu kinaishia pale kazi yake inapoanza.

Wanazuoni wameanza kuiziba pengo hiyo. Kenda Mutongi alichapisha mwaka 2017 Matatu: A History of Popular Transportation in Nairobi, na mwaka 2021 Joshua Grace akatoa African Motors, kitabu kuhusu Tanzania ambacho kinawapa mafundi wa gereji nafasi ya watu waliounda teknolojia, si watu walioipokea tu. Hapana shaka hizi ni kazi kubwa. Lakini sehemu kubwa ya maarifa yaliyomo yalisemwa kwanza kwa Kiswahili na lugha nyingine za hapa, na watu walioshika spana mkononi, kisha yakaandikwa kwa Kiingereza. Msemaji wa maneno hayo hawezi kuyasoma katika lugha aliyoyasemea. Hasara hiyo si ya heshima tu. Ni hasara ya ushahidi, kwa sababu maneno yenyewe ni sehemu ya historia, nayo hupotea katika tafsiri.

Maneno ya motokaa

Tazama neno "usukani". Johann Ludwig Krapf alifariki mwaka 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapwa mwaka 1882. Karl Benz alipata hataza ya gari lake mwezi wa Januari 1886. Basi usukani anaoujua Krapf hauwezi kuwa mwingine ila wa chombo cha baharini. Gari lilipofika halikutungiwa neno jipya kwa kifaa hicho. Lilipewa la nahodha. Vivyo hivyo "abiria", "nauli" na "shehena", maneno ya Kiarabu yaliyozoea jahazi kabla ya kuzoea barabara. Na hadi leo basi laweza "kung'oa nanga" mahali palipo mbali na bahari kwa siku nzima ya mwendo. Mswahili hakuliona gari kuwa mnyama wala mashine ya ajabu, bali chombo, na kwa kweli "vyombo vya usafiri" ndivyo tunavyosema.

Tabaka la pili ni la Bara Hindi. "Gari" ni neno la huko, na "karakana" lina asili ya Kiajemi lililopitia kwa Wahindi. Nairobi ni mji uliozaliwa na reli, na mafundi wa Kihindi walikuwako tangu siku zake za mwanzo. Hata Wareno wameacha "parafujo" ndani ya sanduku la vifaa. Tabaka la juu kabisa ni la Kiingereza: breki, klachi, gia, jeki, spana, pancha, rejeta. Fundi mmoja akisema kwamba abiria washuke ili aingie uvunguni na jeki akaze parafujo za gari, amepitia karne tano za historia ya pwani na bara katika sentensi moja, bila kukusudia.

Kuna pia maneno yanayohusu watu, na hayo ni makali zaidi. "Wabenzi" lilitokea katika miaka ya mwanzo ya uhuru kwa maana ya wakubwa waliotajirika na kupanda Mercedes-Benz. Kiambishi wa- kinawafanya kuwa kabila, kama Wagogo au Wakamba, na kejeli yote imo katika kiambishi hicho. "Manamba" lilikuwa jina la vibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Kenya likaja kumtaja kijana anayeita abiria stendi. "Matatu" lenyewe latoka katika Kikuyu, mang'otore matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi, iliyokuwa nauli ya senti thelathini. Kisarufi ni sifa iliyobaki bila nomino yake. Kwa umbo ingetazamiwa ichukue upatanisho wa ya-, lakini msemaji wa Tena husema "matatu hii imejaa". Nomino iliyofutika ilikwenda na nauli yake.

Uteuzi wa istilahi

Sasa turudi kwa mfasiri. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya uzee wa vitu. Kina mengi, ila mengi yake yaelekea jaani. "Kuukuu" ni nguo iliyoraruka. "Chakavu" ni chuma cha kuuzwa kwa kilo. "Mkweche" na "mkangafu" ni maneno ya kuchekesha watu. Kivumishi "-kongwe" nacho kina udhaifu wake, kwa kuwa mkongwe ni mzee aliyeishiwa nguvu. Lakini matumizi yamekiinua. Huitwa mkongwe mwanasiasa mwenye uzoefu, na Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Hapo neno lina maana ya uzee unaostahili kulindwa. Kwa sababu hiyo "gari kongwe", katika wingi "magari makongwe", lafaa kuliko "gari la kale", ambalo lanukia makumbusho, na kuliko neno la Kiingereza lililovishwa irabu mwishoni.

Pingamizi moja laweza kutolewa. Je, pikapu la Peugeot lenye injini ya Kijapani litaitwa kongwe, au jina hilo litabaki kwa magari yanayong'arishwa kwa ajili ya Ngong Road? Mji Mkongwe watoa jibu. Nyumba zake zina milango yenye nakshi za Kihindi na mtindo wa Kiarabu, zimeongezewa vyumba na baraza na vizazi vingi, na hakuna anayesema zimepoteza ukongwe kwa sababu zilikaliwa. Tena sheria yenyewe inasaidia: Kenya hairuhusu, kwa kawaida, kuingiza gari lililotumika lenye umri wa kupita miaka minane. Kwa hiyo gari la Nairobi lenye umri wa miaka arobaini au hamsini, aghalabu, limezeekea hapahapa, chini ya mikono ya mafundi wa hapa.

Kazi iliyobaki ni ya kukusanya, nayo haiwezi kungoja sana. Aliyejifunza ufundi kwa 404 miaka ya sitini ni mzee sasa. Msamiati wake wa kabureta na platini hauhitajiwi na kijana anayesoma makosa ya injini katika kioo cha kompyuta ndogo, na Sheng ya Eastlands hubadili majina ya vitu kabla kamusi haijachapwa. Mkusanyaji hana haja ya kuanza na jarida. Aweza kuanza na waraka ambao karibu kila gari la Tena linao, ule ambao wenyewe huuita logibuku. Ndani yake mna namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, na jina la mwenyewe. Namba ya injini ikipingana na ile iliyochongwa kwenye chuma, hapo mwulize fundi, na uandike maneno yake kama anavyoyasema.