Mkoa Mmoja, Redio Zisizosikilizana

Redio ikiletwa kwenye kibanda changu hapa Mfaranyaki, mjini Songea, kabla sijashika bisibisi natazama kwanza mshale umesimama wapi. Ukiwa TBC Taifa, mwenyewe ni mzee mwenye ratiba yake, na ataniuliza tena na tena kama redio itapona kabla ya saa mbili usiku. Ukiwa Radio Maria, mara nyingi ni mama, na humkumbusha fundi kwamba redio hiyo ilianzia hapa hapa Songea mwaka 1996 kabla haijawa ya nchi nzima. Redio za mwambao wa Nyasa huja mshale ukiwa Malawi. Wenyewe hawajaikataa nchi yao. Ni milima.

Wateja wengi hunilaumu redio ni mbovu kumbe tatizo ni ardhi. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, kama jicho linavyoona: mlima ukisimama katikati, nyuma yake utasikia mkoromo tu. Mnara wa Songea mjini hauioni Mbamba Bay, maana Milima ya Matengo imekaa njiani. Ziwa lenyewe ni tambarare, kwa hiyo sauti ya ng'ambo inavuka maji bila kugongana na kitu. Redio za zamani zilitumia masafa ya kati, ambayo hutambaa na ardhi, na masafa mafupi, ambayo hupanda juu na kurudishwa chini mamia ya kilomita mbele. Sauti ilikuwa inakuja na kupotea, ukikaa vibaya haipo, ukigeuza antena inarudi. Lakini ilifika.

Ndivyo ilivyotufikia Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyoanza kuitwa hivyo mwaka 1965, ingawa Dar yenyewe iko kilomita zipatazo 950 kutoka hapa. Betri za National tulizianika juani juu ya bati ili zitubakizie nguvu ya taarifa ya habari moja, na zikikubali, Mazungumzo Baada ya Habari. Wa rika langu wanaikumbuka kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya 1973. Vijiji viliunda vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake aliyefundishwa, na nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Kipindi kikiisha hamtawanyiki, mnajadiliana mtafanya nini: nani hana choo, nani atachimba, lini. Sijui kama kuna redio leo inayoweza kumtoa mtu kitini akachukue jembe.

Hata hivyo, mimi nikiulizwa kipindi gani cha redio ya taifa kiliufaa zaidi mkoa huu, nitasema matangazo ya vifo. Wengine hucheka. Lakini Wangoni na jirani zao wametawanyika tangu enzi za manamba wa mkonge kule Tanga, na barua ya posta ilikuwa ikimkuta mtu matanga yameshaanuliwa. Mtangazaji alisoma jina la marehemu, mahali pa maziko, kisha mlolongo: habari ziwafikie fulani wa Mbinga, fulani wa Korogwe, fulani wa Morogoro na ndugu wote popote walipo. Usipoisikia mwenyewe, jirani ataisikia na kukukimbilia. Hapo habari ilitoka kwetu, ikapanda Dar, ikashuka kwa watu wetu. Zingine zote zilikuwa zinashuka tu.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na mambo ya leo. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, na sasa nchi ina vituo zaidi ya 200. Hapa mjini tuna Jogoo FM na wenzake, na wilayani nako kuna redio za jamii. Kila moja inasikika vizuri kwa watu wake na kuishia kwenye mlima wake. Kwa miaka mingi kanuni zilizitaka redio binafsi zijiunge na redio ya taifa kwa taarifa ya saa mbili usiku, na nchi ikawa inasikia habari moja kwa saa moja. Jambo jema hilo. Ila habari ya Tunduru ikitaka kufika Nyasa inabidi ipande kwanza Dar es Salaam, ipangiwe foleni pamoja na za Bunge na mawaziri, na huko mara nyingi haichaguliwi.

Anayefaidi ukimya huo anajulikana. Bei ya mahindi ya wakala wa hifadhi ya chakula ikitangazwa, dalali wa mjini anaijua mchana uleule. Jioni yuko kijijini na pikipiki na mzani wake, ananunua kwa bei ya jana kwa mkulima ambaye redio yake inapiga muziki. Mbinga wanauziana kahawa ikiwa bado mtini, wanaita magoma. Tunduru kwenye korosho kuna kangomba, ulanguzi wa bei ya kutupa. Ni ugonjwa uleule, ila wagonjwa hawasikilizani. Na tembo je? Ushoroba wa Selous hadi Niassa unapita Namtumbo na Tunduru. Tembo waliokula mashamba ya kijiji hiki leo, kesho wako kwa jirani, na jirani anapata habari kwa kuwaona.

Kusikilizana kunawezekana: Marekani wana mitandao ya habari ya jimbo zima. Jimbo la Missouri lina wake, Missourinet, tangu 1975. Chumba kimoja cha habari kimekaa makao makuu ya jimbo, kinaandaa taarifa fupi, na vituo vidogo vya miji vinazirusha. Vituo haviombwi fedha. Vinatoa dakika zao za matangazo, na mtandao unaziuza kwa makampuni. Kituo cha mji mdogo kinapata mwandishi wa bungeni ambaye kisingeweza kumlipa. Hapa kwetu redio za jamii zina umoja wao, TADIO, unaoziwezesha kubadilishana habari, kwa hiyo wazo si geni.

Kilicho kigumu ni tumbo la mwandishi. Mpwa wangu aliripotia redio moja ya mkoani ambayo haikumlipa mshahara wala nauli. Alikuwa akienda kokote msafara wa kiongozi unakokwenda, kwa sababu kwenye msafara kuna kiti, chakula na bahasha. Nikamwambia, "Mbona kila siku habari zako zinazindua madarasa?" Akanijibu, "Mjomba, tembo hawana gari la kunibeba." Mtandao wa mkoa ukijengwa kwa waandishi wa namna hiyo, utarusha ufunguzi wa madarasa wilaya zote kwa wakati mmoja. Na kosa likitokea, bei ikasomwa vibaya, linasomwa vibaya mkoa mzima.

Umeme angalau si kisingizio tena, tangu gridi ya taifa ilipofika Songea mwaka 2018 na majenereta ya dizeli yakapumzika. Simu nazo zimeirahisisha kazi ya milima: faili la sauti linatumwa Mbamba Bay kwa intaneti, kituo cha kule kinalirusha kwa mnara wake.

Kwa hiyo niliwaambia vijana wa redio moja ya hapa mjini waanze na kitu kimoja tu: bei ya mahindi ya Songea, Madaba, Namtumbo, Tunduru, Mbinga na Nyasa, dakika tano, saa kumi na mbili asubuhi, dalali hajawasha pikipiki. Wakubaliane na wenzao wa wilayani, kila mmoja alete bei ya soko lake na asome za wote. Wakaniuliza nani atalipia. Nikasema mwenye duka la mbolea, si anataka wakulima wamsikie? Wakatazamana. Mmoja akaniambia, "Mzee, mwenye duka la mbolea ndiye huyo huyo anayenunua mahindi."