Mwaka wa tuzo kwa Afrika na safari ndefu ya kitabu hadi Voi

MWAKA 2021 uliingia katika kumbukumbu za fasihi kama mwaka wa waandishi wa Afrika. Katika muda wa miezi michache, tuzo kubwa za vitabu duniani ziliangukia bara hili moja baada ya nyingine. Kilele kilikuwa Oktoba 7, Akademia ya Uswidi ilipomtangaza Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Swali ambalo halikuulizwa sana wakati wa shangwe hizo ni hili: msomaji wa Kaloleni, mjini Voi, alipata nini katika mavuno hayo?

Swali hilo lina uzito. Vita ambavyo Gurnah ameviandikia riwaya vilipiganwa pia katika ardhi ya Taita Taveta, na reli iliyobeba wanajeshi kwenda mpakani ilianzia Voi. Kufahamu sababu za kitabu kuchelewa kuwafikia watu ambao historia yao inahusika ni kufahamu jinsi biashara ya vitabu inavyoendeshwa nchini Kenya.

Orodha ya ushindi

Mnamo Juni 2021, David Diop, Mfaransa aliyelelewa Senegal, alitwaa tuzo ya International Booker. Oktoba, Paulina Chiziane wa Msumbiji alipewa Tuzo ya Camões, iliyo kuu kwa waandishi wa Kireno, naye Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe akapokea Tuzo ya Amani ya wauzaji vitabu wa Ujerumani. Kisha Novemba 3, katika siku moja, Damon Galgut wa Afrika Kusini alishinda Booker mjini London na Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal akashinda Goncourt mjini Paris.

Kenya nayo haikuachwa nyuma. Machi mwaka huo, utenzi wa Ngũgĩ wa Thiong'o, The Perfect Nine, uliingia katika orodha ndefu ya International Booker. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi iliyoandikwa kwa lugha asilia ya Afrika kufika hapo. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, alikuwa ameitunga kwa Gikuyu na kuitafsiri mwenyewe.

Mbali na Ngũgĩ na Gikuyu yake, kazi zilizowapa wenzake sifa hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mwaka huo huo, Novemba 23, UNESCO iliidhinisha Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha ya Kiswahili ilipewa siku yake, lakini kitabu cha mshindi wa Nobel kutoka Uswahilini kilikuwa bado hakisomeki kwa Kiswahili.

Vita vilivyopita hapa

Riwaya mbili za Gurnah zinaihusu moja kwa moja historia ya eneo hili. Paradise, iliyochapishwa mwaka 1994 na kuingia katika orodha fupi ya Booker, inamfuata kijana Yusuf, aliyetolewa kwa mfanyabiashara ili kufidia deni la babake, hadi wakati askari wa Wajerumani wanapokusanya watu kwa ajili ya vita. Afterlives, ya mwaka 2020, inaendeleza habari ya askari hao na ya waliobaki nyumbani.

Gurnah anasimulia upande wa Tanganyika. Upande wa Kenya uko Taita Taveta. Mnamo Agosti 15, 1914, Wajerumani waliteka Taveta. Mwaka uliofuata, Waingereza walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau. Februari 12, 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma kwa hasara, na ni mwezi uliofuata tu ndipo majeshi ya Uingereza yalipovuka na kuingia Moshi.

Raia hawakusalimika. Mwaka 1915, serikali ya kikoloni iliwashuku wakazi wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, ikawahamishia Malindi. Wengi walifariki huko, na walionusurika walirudi kwao baada ya miaka mingi.

Makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo yangali Voi, Maktau na Taveta. Wapagazi, waliobeba chakula na risasi vichwani, kwa sehemu kubwa hawana hata jiwe. Aprili 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakitoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi.

Kwa hivyo, katika mwaka mmoja, ripoti ilithibitisha kwamba majina yalipotea, na Nobel ikamtuza mwandishi aliyewapa watu wa aina hiyo sura na sauti. Kwa eneo kama Voi, kitabu cha namna hiyo ni sehemu ya kumbukumbu ambayo mawe hayakuihifadhi.

Kwa nini kitabu huchelewa

Sababu ya kwanza ni mahali pa uchapishaji. Riwaya za Gurnah hutolewa London, na tuzo ilipotangazwa hata maduka ya Marekani yaliishiwa na nakala. Hali hiyo si ngeni kwa Taita. Kitabu cha mmishonari J. A. Wray, aliyefika Sagalla katika miaka ya 1880, kilichofafanua misingi ya lugha ya Kitaita, kilichapishwa London pia, mwaka 1894.

Sababu ya pili ni kwamba mchapishaji wa Kenya huishi kwa vitabu vya shule. Riwaya inayoteuliwa kutahiniwa katika KCSE ina soko la uhakika kote nchini. Isiyoteuliwa hutegemea wasomaji wachache wa hiari. Ndiyo maana mwaka 2021 vijana wa Voi walizijua vyema Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Kigogo ya Pauline Kea, zilizokuwa vitabu teule.

Sababu ya tatu ni kudhoofika kwa duka la vitabu la mjini. Baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bila malipo mwaka 2003, shule zilipewa fedha zikanunua vitabu katika maduka ya karibu. Kuanzia 2018, serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Wanafunzi walinufaika, kwa kuwa lengo lilikuwa kila mmoja awe na kitabu chake. Hata hivyo, muuzaji wa mjini alipoteza biashara iliyomwezesha kuweka riwaya mbili tatu kwenye rafu bila hofu ya kupata hasara.

Mwaka 2021 ulimwongezea dhiki. Kutokana na janga la corona, mtihani wa KCSE wa 2020 ulifanywa Machi na Aprili 2021, na mwaka mpya wa masomo ukaanza Julai 26. Msimu wa Januari, ambao ndio mavuno ya wauza vitabu, haukuwepo.

Juu ya hayo yote upo ushuru wa VAT wa asilimia 16 uliowekewa vitabu mwaka 2013. Kwa kitabu cha Sh1,000, mnunuzi huongeza Sh160.

Njia iliyofunguka

Mwaka 2022, Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Dkt Ida Hadjivayanis. Miaka 28 baada ya kuchapishwa kwa Kiingereza, riwaya hiyo ikawa katika lugha ya watu inaowazungumzia.

Tafsiri pekee haitoshi. Peponi ilichapishwa ng'ambo ya mpaka wa Holili, ambao uko karibu na Voi kuliko Nairobi ilivyo, lakini vitabu havifuati ramani, hufuata wanunuzi. Mnunuzi anayeweza kubadili hali hiyo yupo. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti jukumu la maktaba. Kaunti inayotenga fedha za vitabu kila mwaka, na kuanza na vinavyohusu historia yake, humpa mchapishaji sababu ya kuvileta na muuzaji sababu ya kuvihifadhi.

Shule nazo zina nafasi. Mwalimu wa Historia anayefundisha Vita vya Kwanza vya Dunia Voi anaweza kuwapeleka wanafunzi Salaita na makaburini kwa nauli ndogo. Nakala chache za Peponi zikiwepo maktabani, wanafunzi hao watakutana pia na watu ambao majina yao hayakuandikwa makaburini.