Njia ya pamoja, jembe la nani?

Mvua za Kiomboi huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Nazo huja na ugomvi wa kila mwaka: nani azibue mtaro na kuondoa tope kwenye njia inayotumiwa na kaya tatu au nne?

Mwenye nyumba ya mbele husema, "Mimi natokea barabarani, tope hilo si langu." Wa nyuma naye hujibu, "Maji yanatoka uani kwenu." Tope hubaki. Kisha usiku mmoja mama mjamzito anashikwa na uchungu, bodaboda inakwama, na walewale walionuniana ndio wanaombeba.

Msisubiri usiku huo. Kaeni kabla ya mvua, mpange siku ya msaragambo. Kila kaya itoe mtu mmoja na jembe; asiye na jembe alete changarawe. Bibi anayeishi peke yake asitozwe nguvu asizonazo. Aliyeelekeza maji ya bati lake njiani ndiye achimbe mtaro wake, tena usiishie mlangoni kwa jirani.

Mkishindwa kuelewana, mwoneni mwenyekiti wa kitongoji. Mgogoro wa mpaka au haki ya kupita hupelekwa Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu.

Lakini baraza halizoi tope. Mkitoka huko mtarudi kwenye njia ileile, na jembe litakuwa bado linawasubiri.