Nywila Imekubaliwa, Mbona Kompyuta Inakutoa?

Kuna ugonjwa wa kompyuta unaowachanganya watu kuliko hata kompyuta iliyogoma kuwaka. Mashine inawaka vizuri, inaonyesha jina lako, unaandika nywila, inakukaribisha kwa neno "Welcome", kisha kabla hujashika mausi inaandika "Signing out" na kukurudisha ulikotoka. Unaandika tena, yale yale. Mwenye kompyuta anasema nywila imekataliwa. Fundi mwenye haraka anasema dawa ni kupiga window upya. Wote wawili wamekosea, ila kosa la fundi ndilo la gharama, maana picha, mahesabu ya duka na tasnifu ya mtu vinaweza kufutika kwa hitilafu ambayo mara nyingi hukaa kwenye mstari mmoja wa maandishi.

Nywila ikiwa si sahihi, Windows husema hivyo waziwazi na kukuomba ujaribu tena. Ikikukaribisha halafu ikakutoa, ujue imeshakutambua. Kilichoharibika ni hatua inayofuata, ile ya kukuandalia mahali pa kufanyia kazi, na hatua hiyo ina wahusika wachache wanaojulikana kwa majina.

Wa kwanza ni Winlogon, anayesimamia kuingia na kutoka. Nywila ikishathibitishwa, profaili yako hufunguliwa, yaani folda yako iliyo ndani ya C:\Users pamoja na faili lililofichwa humo, NTUSER.DAT, lenye mipangilio yako binafsi. Kisha Winlogon humwita userinit.exe. Huyu kazi yake ni fupi: huendesha skripti za kuingilia kama ofisi imeziweka, hurudisha miunganisho ya mtandao, halafu huwasha explorer.exe, ambayo ndiyo inayokuletea eneokazi, upau wa chini na kitufe cha Start. Akimaliza huondoka zake, ndiyo maana ukifungua Task Manager humkuti.

Ni kama mlinzi wa getini aliyekagua kitambulisho chako akakuruhusu, lakini mtu wa mapokezi aliyepaswa kukuingiza ndani hayupo. Winlogon ni mlinzi asiyejua kusubiri. Asipompata userinit huhesabu kwamba ziara yako imekwisha, akafunga. Wala hakuelezi sababu.

Hapo pana dalili ya kushika. Angekosekana explorer, usingetolewa. Ungeachwa mbele ya skrini tupu yenye mshale wa mausi tu. Skrini tupu na kutolewa nje ni magonjwa mawili tofauti, na anayeyatibu kwa dawa moja anabahatisha.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha zama za Windows XP. Kulikuwa na programu ya matangazo na upelelezi iliyoitwa BlazeFind. Iliingia kwenye rejistri, ile hifadhi ya mipangilio ya Windows, na mahali palipoandikwa userinit.exe ikaandika jina la faili lake yenyewe, wsaupdater.exe. Tangu hapo kila aliyeingia kwenye kompyuta alipitia mikononi mwake bila kujua. Siku moja mtumiaji akaamua kusafisha mashine kwa Ad-Aware, programu iliyopendwa sana wakati ule. Ad-Aware ikalifuta faili la adui, lakini rejistri ikaachwa ikiendelea kulitaja. Kompyuta ilipowashwa tena, Winlogon akawa anamwita marehemu. Mtumiaji akatolewa, na hata kwenye safe mode akatolewa, kwa kuwa mlango ni ule ule.

Waliokitegua kitendawili hicho walitumia hila ambayo mpaka leo naipenda. Waliwasha kompyuta kwa CD ya Windows, wakafungua Recovery Console, wakanakili userinit.exe na kuipa nakala hiyo jina la wsaupdater.exe. Winlogon akamkuta aliyemtafuta, watu wakaingia, ndipo wakaketi na kusahihisha rejistri.

Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, lakini Windows 10 na 11 bado zinasoma jina la userinit mahali pale pale. Kwa hiyo ukiambiwa tatizo lilianza siku antivirasi iliposema imefuta kitu, una pa kuanzia.

Kabla ya kugusa chochote, hata hivyo, tafuta jibu la swali moja: kuna mtu mwingine anayeweza kuingia kwenye kompyuta hiyo? Kama ina akaunti mbili, jaribu ya pili. Akiingia mwingine, mfumo ni mzima na kilichoharibika ni profaili yako. Wakitolewa wote, shida iko kwenye mfumo. Swali hili halihitaji zana yoyote, na linanishangaza jinsi linavyorukwa.

Swali la pili ni la safe mode. Kwenye skrini ya kuingilia, bofya alama ya kuzimia, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Restart. Itakuja skrini ya buluu: chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, na orodha ikitokea bonyeza 4. Ukifaulu kuingia kwa njia hiyo, anayekutoa ni programu inayojiwasha yenyewe au draiva iliyoongezwa karibuni. Iondoe, kazi imekwisha. Ukitolewa hata hapo, na wenzako wote wanatolewa, rudi kwenye mlango wa Winlogon.

Tahadhari: kompyuta nyingi za siku hizi zimefungwa kwa BitLocker, na ukijaribu kufika kwenye diski kwa mlango wa uokoaji wa Troubleshoot utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiandaa kompyuta mara ya kwanza. Kwa laptop ya mtumba, mtu huyo huenda si wewe. Heri uutafute leo, kompyuta ikiwa nzima, kuliko kuutafuta siku ya msiba.

Humo kwenye Advanced options mna Command Prompt. Kabla ya kutengeneza, okoa. Chomeka flashi au diski ya nje, andika notepad, kisha kwenye Notepad bofya File na Open, na uchague kuonyesha mafaili ya aina zote. Kidirisha hicho kidogo kinakubali kunakili na kubandika, kwa hiyo unaweza kuyahamisha mafaili yako yote pasipo Windows yenyewe kuwaka. Ukimaliza hapo, hata mkono ukiteleza baadaye hupotezi cha thamani.

Sasa andika regedit. Hapa ndipo mafundi wengi wanapojikwaa. Rejistri inayofunguka ni ya mazingira ya uokoaji, yale yanayojiita diski X, wala si ya Windows yako. Mtu anaikagua, anaona kila kitu kiko sawa, anatangaza kwamba rejistri haina tatizo, kumbe amempima damu mgonjwa wa kitanda cha jirani. Ili kuipata yako, bofya HKEY_LOCAL_MACHINE, nenda File, Load Hive, kisha ulifungue faili liitwalo SOFTWARE lililo ndani ya Windows\System32\config kwenye diski yako. Ukiombwa jina, andika lolote. Ndani yake fuata Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, Winlogon. Penye Userinit panatakiwa pasomeke C:\Windows\system32\userinit.exe, na mkato wa mwisho uwepo. Mkato huo si kosa la uchapaji. Mahali hapo panapokea orodha, na programu haramu hupenda kujichomeka baada yake. Penye Shell pasomeke explorer.exe. Ukisharekebisha, bofya tena jina uliloliweka, nenda File, kisha Unload Hive, ndipo uwashe upya. Usishangae ukiona Windows yako inaitwa D ukiwa kwenye uokoaji. Ndani ya rejistri andika C, kwa sababu ndivyo inavyojiita ikiwaka yenyewe.

Kama mstari uko sahihi, hakikisha faili lenyewe lipo System32. Likikosekana au likiwa limeharibika, amri ya sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows hulirudisha, mradi ubadilishe herufi ya diski kulingana na unavyoiona pale.

Kuna chanzo kingine ambacho hakihusiani na virusi, na kinawapata hasa waliohamisha Windows yao kutoka diski ya zamani kwenda SSD. Windows hukumbuka kila kizigeu, yaani kila sehemu ya diski, na herufi yake kwenye sehemu ya rejistri iitwayo MountedDevices. Ukinakili diski nzima halafu ukawasha kompyuta kwa mara ya kwanza diski zote mbili zikiwa ndani, nakala inaweza kupewa herufi nyingine, kwa kuwa C ina mwenyewe. Userinit yupo, ila anatafutwa kwenye C wakati anakaa kwingine. Kinga yake ni nyepesi: ondoa diski ya zamani kabla ya kuwasha SSD kwa mara ya kwanza. Yakishatokea, pakia faili la SYSTEM kwa njia ile ile ya Load Hive, ufute yaliyoandikwa ndani ya MountedDevices. Windows itagawa herufi upya ikiwaka.

Tuje kwa anayetolewa peke yake. Umeme ukikatika wakati NTUSER.DAT inaandikwa, faili hilo linaweza kuharibika. Mara nyingine Windows itakwambia User Profile Service imeshindwa, mara nyingine itakuingiza kwenye profaili ya muda, eneokazi jeupe lisilo na kitu chako hata kimoja. Usifanye kazi humo. Chochote utakachohifadhi kwenye folda za profaili ya muda kinafutwa ukitoka. Ingia kwa akaunti nyingine yenye mamlaka ya usimamizi, fungua regedit, nenda mahali pale pale pa CurrentVersion, safari hii kwenye ProfileList. Ukiona namba mbili ndefu zinazofanana, moja ikiwa na .bak mwishoni, ile yenye .bak ndiyo ya kweli iliyosukumwa kando. Ipe ile nyingine jina tofauti, ondoa .bak kwenye ya kweli, washa upya. Isipokubali, tengeneza akaunti mpya na uhamishie Documents, Pictures, Desktop na folda nyingine kama hizo, lakini uyaache NTUSER.DAT na ndugu zake, usije ukahamisha na ugonjwa. Na akaunti ya zamani usiifute kwenye Settings mpaka uwe umehakiki nakala, kwani kuifuta hapo huondoka na mafaili yake.

Wenye Linux nao hawajasalimika. Ukiona unarudishwa kwenye skrini ya kuingilia, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata skrini ya maandishi, uingie kwa jina na nywila ile ile. Ukikubaliwa hapo, akaunti ni nzima na shida iko kwenye mazingira ya picha. Anza na df -h. Diski ikiwa imejaa, eneokazi linakosa pa kuandika mafaili yake madogo na kukata tamaa. Mfumo wa ext4 kwa kawaida humtengea root, msimamizi mkuu wa mfumo, asilimia 5 ya nafasi, ndiyo maana root anaendelea kufanya kazi wakati wewe umekwama. Nafasi ikiwapo, tazama kama faili la .Xauthority lililo kwenye folda yako limegeuka kuwa mali ya root, jambo linalotokea mtu akiendesha programu za picha kwa sudo. Ukilirudisha kwako kwa chown, mlango unafunguka, hasa kwenye Mint na Xubuntu zinazotumia LightDM. Ruhusa za /tmp nazo zinatakiwa ziwe 1777.

Ikiwa yote hayo yameshindikana na Windows lazima ipigwe upya, mwambie fundi aanze na Reset this PC iliyo pale pale kwenye Troubleshoot, achague Keep my files. Programu ulizoweka zitaondoka na itabidi uzirudishe moja moja, ila nyaraka na picha zilizo kwenye folda zako zitabaki. Akikuambia ni lazima afute vizigeu vyote, muulize kwanza nakala ya mafaili yako ameiweka wapi, na uifungue mwenyewe kwenye kompyuta nyingine kabla hajaendelea.