Nyansiongo, tamthilia huchaguliwa na mtihani

Mtu wa Nairobi anayetaka kutazama tamthilia Jumamosi jioni ana kazi ya kuchagua. Vikundi vya vichekesho hubadilisha mchezo kila baada ya wiki chache, na kwa kuwa sifa za mchezo mmoja hazipati muda wa kuenea mjini, mteja huchagua kikundi: anawajua waigizaji, anajua atacheka, analipa kwa simu kabla hata ya kuuliza mchezo unahusu nini. Mara mojamoja huja kazi inayojiuza kwa jina lake, kama Ngaahika Ndeenda ilipochezwa jijini mwaka 2022 kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza, miaka 45 baada ya kuzimwa kijijini Kamiriithu. Nyansiongo, kaunti ya Nyamira, haina Jumamosi ya namna hiyo. Kutoka hapa hadi Nairobi kupitia Sotik na Narok ni zaidi ya kilomita 250, na tiketi ya jijini huanzia kwenye shilingi 1,000. Mkulima anayelipwa, tuseme, shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi atauza kilo 40 za chai ili kiti kimoja kilipwe, kabla ya nauli na mahali pa kulala. Shule nazo haziruhusiwi kusafirisha wanafunzi usiku, na onyesho la jioni haliishi saa kumi. Kwa hiyo tamthilia ndiyo humfuata mtazamaji: matatu ya kukodi inaingia langoni muhula wa pili, waigizaji wanashuka na maleba kwenye magunia, meza za bwalo zinasukumwa ukutani, na kitabu teule kinachezwa mbele ya kidato cha tatu na cha nne.

Hii ndiyo biashara ya jukwaa inayofahamika zaidi katika kaunti za Kisii na Nyamira, na ugonjwa wake ni mmoja: ina soko lakini haina mteja. Anayetazama hakuchagua, anayelipa ni mzazi ambaye hatatazama, na mwalimu anayekubali onyesho analinunua kwa kigezo kisichohusu sanaa. Ukitaka ushahidi, fuata orodha ya mtihani. Mstahiki Meya ilipokuwa kitabu teule, kila kikundi kilikuwa na meya. Ikaja Kigogo, meya akavuliwa joho. Sasa ni Bembea ya Maisha. Upande wa Kiingereza ni vivyo hivyo, kutoka The Caucasian Chalk Circle hadi A Doll's House hadi The Samaritan. Kitabu kikitoka kwenye orodha, mchezo hufa siku hiyo, hata kama ulikuwa umeiva na waigizaji wameanza kuuelewa. Hakuna mwalimu atakayeita kikundi kicheze Kigogo leo kwa sababu tu ni mchezo mzuri. Na kinachonunuliwa chenyewe ni kidogo kuliko kelele zake: karatasi ya fasihi ya Kiswahili ina alama 80, swali moja lina alama 20, na mtahiniwa hawezi kujibu zaidi ya swali moja la tamthilia. Onyesho zima, pamoja na maswali na majibu yanayolifuata, hupangwa kuzunguka muktadha wa dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Mwelekezi anayethubutu kukata onyesho la tatu ili mchezo uende mbio atalaumiwa kwamba amewanyima watoto alama.

Mfanyabiashara mmoja anayezungusha kikundi kati ya Keroka, Nyansiongo na Chepilat ana malalamiko marefu, na yanastahili nafasi kwa sababu yanaonyesha pesa zinavyopita. Bei hupatanwa kwa kichwa, lakini idadi ya vichwa hutolewa na mwenye shule. Anadai kwamba wanafunzi mia tatu waliotajwa kwenye simu huonekana kama mia nne wakishakaa bwaloni, na ukianza kuhesabu umevunja urafiki. Kisha kuna sehemu ya malipo inayobaki nyuma bila maelezo, na kuna ahadi ya kutumiwa salio Jumatatu, Jumatatu ambayo huweza kufika baada ya likizo. Risiti haombi, kwa sababu anajua hatapewa: michango isiyoidhinishwa imekatazwa, na mwalimu mkuu hataki karatasi inayoonyesha kwamba watoto walitozwa. Lawama zake nyingine ni kwa wenzake, wanaokuja watano badala ya wanane, mmoja akicheza baba, daktari na mlinzi kwa kubadilisha kofia, na kukubali nusu ya bei. Shule huwaita hao kwanza. Na simu zimemmaliza: onyesho la asubuhi katika shule moja limeshawahi kumtangulia mtandaoni kabla hajafika shule ya pili. Ni malalamiko mazito, ingawa msemaji mwenyewe, akiulizwa kama amewahi kumlipa mwandishi wa tamthilia anayoicheza kila siku, hubadilisha mazungumzo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 haikuandikwa kwa ajili ya wenye simu pekee.

Ukiwafikia maofisa, picha inabadilika rangi. Ofisa mmoja wa elimu anashikilia kwamba hakuna mtoto anayehitaji kutozwa chochote, kwani serikali hutenga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na shughuli za masomo zimo humo. Kiasi hicho kimerudiwa mara nyingi hadi kimekuwa kama salamu. Kwa utaratibu, asilimia 50 huja muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Maana yake muhula wa pili, ambao ndio msimu wa maigizo, ungepaswa kuona takriban shilingi 6,670 kwa mwanafunzi. Walimu wakuu wamelalamika kwa miaka kwamba pesa huja kwa vipande na kwa kuchelewa, na Julai 2025 bunge lilielezwa kuwa bajeti ingetosha shilingi 16,900 hivi kwa kila mmoja, kauli ambayo wakubwa wengine serikalini walikimbilia kuifuta. Kiwe ni kiasi kipi kilicho cha kweli, fedha hizo hutangulia kwenye umeme na mishahara ya wapishi. Anayesema tamthilia imelipiwa aonyeshe imelipiwa kwenye mstari gani.

Kuna watakaosema nalidharau jukwaa la shule. Walimu wa fasihi, nao ndio walio karibu na mtoto, wana hoja: mwanafunzi ambaye shule yake ina nakala moja ya kitabu kwa watu watatu huona wahusika kwa mara ya kwanza bwaloni, na kinachoonekana hakisahauliki upesi. Sina ugomvi na hilo. Lakini faida hiyo ni ya somo, na somo linaweza kufaidika huku biashara ikioza. Hoja ya pili ina nguvu zaidi: bila mtihani, Nyansiongo isingeona mwigizaji wa malipo hata mmoja, na mwalimu mkuu angeogopa kukaribisha mchezo ambao hakuna aliyeupitisha. Baada ya kizaazaa cha mchezo wa wanafunzi, Echoes of War, huko Nakuru Aprili 2025, woga huo hauhitaji kufafanuliwa. Kitabu teule kina muhuri, na muhuri ni ngao. Ni kweli. Ila ngao hiyo imekifanya kikundi kisijifunze jambo ambalo vikundi vya Nairobi hulijua kwa kuumia: mtu aliyelipa kwa pesa zake asipofurahi harudi. Bwaloni mtazamaji hurudi kila mwaka kwa sababu ni kidato kingine.

Na vidato vyenyewe vinaisha. Kidato cha kwanza cha mwisho kiliingia mwaka 2024, na KCSE ya mwisho ni ya mwaka 2027. Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026 ina Kiswahili cha lazima, lakini Fasihi ya Kiswahili ni somo la hiari kwa walio kwenye njia ya sayansi ya jamii, na sanaa za maonyesho zimo katika njia ya sanaa na michezo. Ofisa yuleyule anaona neema: wanafunzi watakaojifunza uigizaji kama somo watakuwa watazamaji na waajiriwa wa kesho. Huenda. Hata hivyo shule za vijijini zenye walimu wachache hazijulikani kwa wepesi wa kufungua masomo mapya, na bwalo la watahiniwa wote si sawa na darasa la waliochagua. Vitabu vipya vitakuja, na nikisema vikundi vyote vitakufa nitakuwa nimetia chumvi, lakini hesabu ya kwa kichwa inahitaji vichwa.

Soko ambalo halijajaribiwa kwa dhati ni Desemba, wenyeji wanaporudi kutoka Nairobi na Nakuru wakiwa na pesa na hamu ya kucheka kwa Ekegusii. Wachekeshaji wa video za Ekegusii wameonyesha kwamba hamu ipo, ingawa kutazama bure kwenye simu hakuthibitishi kwamba mtu atatoa shilingi mia mbili mlangoni. Bonasi ya chai hufika miezi miwili kabla, na upande huu wa Bonde la Ufa mara nyingi huwa pungufu kuliko ya mashariki; kufikia Krismasi nyingi imeshaingia kwenye karo na mabati. Mfanyabiashara wetu amelifikiria. Anasema kukodi ukumbi, kuwalipa waigizaji wanane wiki tatu za mazoezi na kubandika mabango bila mwalimu wa kumhakikishia idadi ni kamari. Kwa sasa anapanga ratiba ya muhula wa pili, na Bembea ya Maisha bado ina mwaka wake.