Je, Wajua? Mlango wa rubani huzuia risasi

Ukipanda Cessna Caravan, aina ya ndege inayomudu viwanja vya changarawe kama kile cha zamani cha Sumbawanga, unaweza kuuona mkono wa rubani ukiwa kwenye usukani. Hakuna mlango kati yenu.

Ndege ikizidi viti 60, mambo hubadilika. Tangu Novemba 1, 2003, kiwango cha ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kinadai mlango unaohimili risasi za silaha ndogo na vipande vya guruneti. Hufungwa kwa ndani. Hata pangaboi ya Q400 yenye viti 76 imo.

Enzi za milango myepesi tuliumia. Februari 26, 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania ilitekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, hadi Stansted, Uingereza! Watekaji walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Walijisalimisha Februari 28.

Desemba 29, 2000, abiria aliingia kwa rubani wa Boeing 747 iliyotoka London kwenda Nairobi, akang'ang'ania usukani. Ndege ikaporomoka angani. Marubani na abiria walimdhibiti kwa mikono mitupu.